Linasema Nini

Lilianza Jumapili, kwenye tuta la mbele ya duka la Hamdan.
Ko.
Halafu, tuta limeshapita, ko-ko,
kama mtu aliyekatizwa maneno akayamalizia pembeni.

Korola hii ni ya mwaka tisini na sita.
Lugha yake nimeizoea: mkwaruzo wa asubuhi,
feni inayopiga chafya, mlango wa nyuma
unaotaka kufungwa mara mbili ndipo uridhike.
Hii ko sikuijua.

Nikauliza. Hapa Samail kila mtu ni tabibu wa gari la mwenzake.
Jirani Mudrik alilizunguka, akalipiga tairi teke:
"Shokapu hizo."
Mama mkwe, Bi Rahma, mzaliwa wa Wete, hajashika usukani maishani,
akainamisha kichwa, akasikiliza:
"Linasema ng'o, ng'o. Limeshakataa. Liuze."
Kule sanaiya, fundi Iqbal hakusikiliza kabisa.
Aliandika riali themanini na tano
nyuma ya kasha la sigara, akanionyesha bila kusema neno.

Themanini na tano!
Nikarudi nyumbani nikangoja jua lipunguze makali,
nikavaa suruali kuukuu ya Sleyum chini ya dira.

Kwanza nikaitafuta kwa akili.
Kwenye lami laini, kimya. Si beringi, basi; beringi halipumziki.
Kona ya kushoto: ko. Kona ya kulia: ko,
lakini upande wa pili.
Hapo nikazima injini, nikakaa.
Kitu kibovu hakihami.
Kinachohama ni kizima, ila kimefunguka.

Nikamwaga vyote vya ndani: risiti, kandambili moja,
chupa za laban, kokwa za tende za tangu lini sijui.
Ko, likasema.

Ghassan, miaka tisa, akajitolea.
Akajikunja butini, tochi ameiuma kwa meno
mikono miwili ipate kushika.
Nikaendesha mwendo wa kobe kuzunguka mtaa, buti wazi nusu,
Bi Rahma mlangoni akitangaza kwamba namuua mjukuu wake.
Tuta la kwanza. La pili.
"Mama! Chini yangu! Linatembea!"

Tukafunua zulia, tukainua ubao.
Jeki.
Nje ya kitanda chake, kamba imefunguliwa isifungwe tena.
Na tairi la akiba si lile jipya nililolinunua mimi mwezi wa Rajabu.
Ni la zamani, limenywea,
lina mpasuko mrefu kama kidole changu cha kati,
na ndani ya mpasuko, mchanga mweupe.
Kwetu Samail ni kokoto.

Sleyum alikuja nalo Idi, usiku,
akaniachia, akarudi Duqm kwa basi la kampuni.
"Safari?" nilimwuliza siku ile.
"Safi," akasema, akaomba chai.
Alinawa mikono muda mrefu sana. Niliona. Sikuuliza.

Nikampigia.
"Ulipata pancha."
Kimya. Nyuma yake mashine za bandarini.
"Nani kakwambia?"
"Gari."
Akacheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa na sufuria usiku.
Wapi? Kupita Ghaba, kilomita kama thelathini.
Saa ngapi? Saa nane.
Malori? Yalikuwepo. Kila likipita, Korola linayumba juu ya jeki.
"Sikutaka ulale vibaya," akasema.

Nilikuwa na maneno mengi, makali, yamepanga foleni.
Likatoka lile dogo:
"Tochi nani alikushikia?"
"Nani angenishikia? Niliiuma."

Ghassan bado yumo butini, mate yanamchuruzika kidevuni,
anaifunga jeki kwa mkanda wa begi langu la kazini.
Amegeuka, mwanga wote usoni kwangu,
anangoja nimwambie kama inatosha.

"Kaza tena," nikasema.